Kitu cha Kukodi Kikimdhuru Mtu wa Tatu, Nani Atajibu?

Katika miji ya Arua na Koboko, mali nyingi zinazotumika kila siku si mali ya wale wanaozitumia. Kijana anayeendesha pikipiki ya boda-boda aghalabu huwa ameikodi kwa tajiri, na kila jioni humpelekea fedha walizopatana. Familia inayomwoza binti hukodi hema, viti, masufuria makubwa, spika na jenereta. Fundi mwashi hukodi mashine ya kuchanganya zege. Hata siku ya msiba, jamaa za marehemu hutuma mtu mjini akakodi turubai ili wageni wasinyeshewe.

Desturi hiyo si mbaya. Ni njia ya watu wa kipato cha kiasi kupata matumizi ya kitu wasichoweza kukinunua. Katika West Nile desturi hiyo ina sababu zake pia. Kabla ya eneo hilo kuunganishwa na gridi ya umeme ya taifa mwaka 2024, umeme wake ulitegemea mitambo ya dizeli na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Mtu aliyetaka taa na muziki usiku wa sherehe hakuwa na uhakika wa umeme wa waya, akalazimika kukodi jenereta. Nayo barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilipotiwa lami iliruhusu mwendo wa kasi. Breki iliyovumilika katika njia ya vumbi haivumiliki tena juu ya lami.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila nyumba yapasa kulijua. Mkataba wa kukodi hufungwa na watu wawili, yaani mwenye mali na mkodi. Lakini anayeumia, mara nyingi, ni mtu wa tatu: abiria aliyepanda pikipiki, mgeni aliyeketi chini ya hema, mtoto aliyeshika waya wa jenereta. Huyo hakulipa kodi, hakutia saini, wala hamjui mwenye mali. Je, akivunjika mguu atamdai nani?

MFANO WA ABIRIA

Tuseme mke wa koplo mmoja anatoka sokoni Arua na mzigo wake, anapanda boda-boda kurudi kambini. Kwenye mteremko waya wa breki unakatika. Pikipiki inaingia mtaroni na mama anavunjika mguu. Baadaye fundi anaeleza kwamba waya ule ulikuwa umeliwa na kutu muda mrefu kabla ya siku hiyo. Pikipiki ni ya tajiri, na kijana aliikodi kwa malipo ya kila siku.

Kuna mahusiano matatu hapa, na hayafanani.

La kwanza ni la mama na kijana. Mama alilipa nauli, kwa hiyo wana mkataba wa huduma. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma aifanye kazi yake kwa uangalifu na ustadi wa kutosha. Mama anaweza kumdai kijana. Lakini kijana wa kukodi pikipiki ana nini cha kulipa? Hukumu dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi tu.

La pili ni la kijana na tajiri. Hao wana mkataba wa kukodi, hata kama haukuandikwa popote.

La tatu ni la mama na tajiri. Hawa hawana mkataba wowote. Hata hivyo tajiri ndiye mwenye pikipiki, ndiye aliyepata kodi yake, na ndiye aliyeitoa pikipiki ikiwa na breki mbovu.

Tajiri akiulizwa hujibu upesi: kijana si mfanyakazi wake, alimkodisha tu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Sheria humfanya mwajiri ajibu uzembe wa mwajiriwa wake akiwa kazini, lakini kwa kawaida haimfanyi mkodishaji ajibu uzembe wa mkodi. Kijana angekuwa amelewa au ameendesha ovyo, jibu la tajiri lingekuwa na nguvu. Lakini katika mfano huu kosa halikuwa la mwendeshaji. Kosa lilikuwa katika kitu chenyewe, nacho kilitoka mkononi mwa tajiri.

DHAMANA NI NINI?

Dhamana ni ahadi kwamba kitu ni kizima na kinafaa kwa kazi iliyokusudiwa. Pengine ahadi hiyo hutamkwa au huandikwa. Pengine haitamkwi, lakini sheria huiweka ndani ya mapatano kama kwamba imetamkwa.

Kwa habari ya kukodi, kanuni hiyo ni ya zamani. Mwaka 1881 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyekodi gari la farasi kule Brighton. Msumari wa chuma ulivunjika chini ya gari, gari likapinduka. Majaji wakasema kwamba mkodishaji wa gari hana budi kutoa gari lililo salama kwa safari, kwa kadiri uangalifu na ustadi wa binadamu unavyoweza kulifanya liwe salama.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 nayo ina sehemu inayohusu mtu anayemkabidhi mwenzake mali kwa muda. Kanuni zake zina asili moja na zile za Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo pia chimbuko la sheria ya Tanganyika ya mwaka 1961 inayotumika Tanzania mpaka leo. Shabaha yake ni rahisi. Anayeazimisha kitu bure yampasa kueleza ubovu anaoujua. Lakini anayekodisha kwa malipo hubeba dhima ya madhara ya ubovu hata kama hakuujua, kwa maana amepokea fedha, na ndiye mwenye nafasi ya kukikagua kitu chake.

Ngao hiyo ni nzuri, ila imetengenezwa kwa kipimo cha mkodi. Inamkinga kijana aliyekodi pikipiki. Mama aliyepanda nyuma yake haikumtaja.

KANUNI YA WATU WAWILI

Sababu ya mama kuachwa nje ni kanuni ya kale ya sheria ya Uingereza iliyofika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa kikoloni. Kanuni hiyo husema kwamba haki na wajibu wa mkataba ni vya wale waliofunga mkataba, wala si vya mwingine.

Ukali wake ulionekana mwaka 1842. Mtu mmoja aitwaye Wright alikuwa amepatana na Idara ya Posta ya Uingereza kutoa magari ya farasi ya kubebea barua na kuyatunza yawe salama. Gari moja likavunjika njiani, na dereva wake, Winterbottom, akaumia vibaya. Dereva akamshtaki Wright. Mahakama ikamkatalia, kwa kuwa mapatano yalikuwa baina ya Wright na Posta, na dereva hakuwamo. Majaji waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa, kila mpita njia ataleta madai.

Ilichukua miaka 90 mlango huo kufunguliwa sawasawa. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley nchini Scotland, Bibi May Donoghue alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake. Bibi huyo alidai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza, naye akaugua. Yeye hakununua kitu. Aliyenunua ni rafiki. Lakini mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mtengenezaji anawiwa uangalifu na yule atakayetumia kitu chake, hata kama hawana mkataba. Mtu yampasa kujihadhari asimdhuru jirani yake, na jirani ni kila mtu ambaye ungeweza kumfikiria kwamba tendo lako litamgusa.

Kanuni hiyo ya jirani inafuatwa na mahakama za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo mke wa koplo hayuko mikono mitupu mbele ya tajiri. Kila anayekodisha pikipiki ya boda-boda anajua kwamba abiria watapanda. Abiria ni jirani yake kwa sheria.

TOFAUTI YA NJIA MBILI

Lakini njia ya jirani si sawa na njia ya dhamana, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika dhamana hakimu huuliza swali moja: je, kitu kilikuwa kizima? Kama hakikuwa kizima, mkodishaji atajibu. Katika uzembe hakimu huuliza jambo jingine: mwenye kitu alifanya nini, au aliacha kufanya nini? Majeruhi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba mwenye mali hakukagua, au aliambiwa habari za ubovu akapuuza. Mama aliye kitandani hospitalini atayapata wapi mambo yaliyotendeka katika ua wa tajiri?

Huko Marekani waliliona pengo hilo. Mwaka 1965 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliamua kesi ya Cintrone, mfanyakazi wa kampuni iliyokodi malori kutoka kampuni ya Hertz. Yeye alikuwa abiria katika lori, breki zikashindwa, akaumia. Mahakama ikasema kwamba anayekodisha gari hutoa ahadi isiyotamkwa kuwa gari litafaa kwa muda wote wa kukodiwa, na kwamba ahadi hiyo humfikia pia mfanyakazi wa mkodi.

Mwaka 1987 wataalamu wa sheria za biashara wa nchi hiyo wakatoa sheria ya mfano juu ya ukodishaji wa vitu. Juu ya mtu wa tatu, sheria hiyo iliyapa majimbo njia tatu za kuchagua. Ya kwanza huifikisha dhamana kwa jamaa na wageni wa mkodi watakaoumia mwilini. Ya pili humfikia mtu yeyote ambaye yatarajiwa atakitumia kitu au kuguswa nacho, akiumia mwilini. Ya tatu ni pana zaidi, maana huhesabu hata hasara ya mali. Hata hivyo mtu wa tatu husimama juu ya mabega ya mkodi. Kama mkodi alikubali kwa halali kukichukua kitu jinsi kilivyo bila dhamana yoyote, mtu wa tatu naye hana dhamana ya kurithi.

Uingereza yenyewe, mwaka 1999, ilitunga sheria inayomruhusu mtu wa tatu kudai faida ya mkataba uliokusudiwa kumfaa. Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 si sheria ya Uganda, wala ya Marekani haivuki bahari. Mwananchi wa Arua au Koboko hana budi kujenga ngao yake kwa vyombo alivyo navyo: kauli, ukaguzi na maandishi.

BIMA HAITOSHI

Wengi hulisikia jina la mtu wa tatu kwa mara ya kwanza katika bima ya magari. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inalazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima hiyo, pikipiki nazo zikiwamo. Ni jambo jema, lakini kwa miaka mingi kiwango cha juu cha fidia kimekuwa shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja. Mguu uliovunjika, chuma cha kuungia mfupa na miezi ya kutofanya kazi huzimaliza fedha hizo mapema. Tena bima hiyo ni ya barabarani tu. Jenereta, hema na sufuria la arusini havina bima hiyo.

KABLA YA KUKICHUKUA KITU

Kwanza, mkodi aseme wazi kitu kitatumika wapi, kwa kazi gani na kwa watu wangapi. Jenereta inayofaa kuwasha taa nne haifai kuendesha spika kubwa na jokofu usiku kucha. Mwenye mali aliyeambiwa kwamba wageni 200 watakuwapo hawezi baadaye kusema kwamba hakuwafikiria.

Pili, kitu kikaguliwe na wote wawili, mchana, kabla ya fedha kutolewa. Pikipiki ijaribiwe breki ya mbele na ya nyuma. Zitazamwe tairi, cheni, spoki na taa, na kofia ngumu ya abiria iwepo. Jenereta isivuje mafuta, nyaya zake zisiwe uchi, nayo iwekwe nje mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu waliolala. Hema likaguliwe kamba, vigingi na nguzo, maana upepo unaotangulia mvua hauna huruma. Sufuria kubwa lijaribiwe vishikio likiwa na maji baridi, kabla halijabebwa na akina mama likiwa na uji wa moto.

Tatu, yaandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo. Stakabadhi ionyeshe majina ya wote wawili, kijiji, nambari ya simu, nambari ya pikipiki au ya mashine, tarehe, muda, fedha zilizolipwa, ubovu ulioonekana, na saini ya shahidi mmoja. Kisha yaongezwe maneno kama haya:

"Mimi mwenye mali nathibitisha kwamba kitu hiki kimekaguliwa leo, ni kizima, na kinafaa kwa kazi iliyotajwa hapo juu. Ahadi hii ni kwa mkodi, kwa jamaa zake, na kwa abiria au wageni watakaokitumia kwa halali."

Maneno hayo machache yana kazi mbili. Kwanza, yanampa mkodi ahadi iliyo wazi ya kumdai mwenye mali. Pili, hata kama hakimu atashikilia kwamba mtu wa tatu hakuwa katika mkataba, maandishi yataonyesha kwamba mwenye mali aliwajua watu hao na aliwafikiria. Hiyo ni nusu ya safari katika madai ya uzembe.

Itokee stakabadhi imepigwa mhuri kwamba mwenye mali hahusiki na ajali yoyote, mtu asikate tamaa. Mwaka 1953 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mwuza magazeti aliyekodi baiskeli ya magurudumu matatu. Kiti chake kiliinama ghafula, naye akaanguka. Mkataba ulisema wenye baiskeli hawatajibu madhara ya mwili. Majaji wakasema maneno hayo yaliondoa dhima ya mkataba, lakini hayakuondoa dhima ya uzembe. Zaidi ya hayo, mtu wa tatu hakutia saini maneno hayo. Kanuni ile ile inayomnyima faida ya mkataba humwepusha na kufungwa na masharti yake.

BAADA YA AJALI

Majeruhi apelekwe hospitali kwanza. Kisha polisi wapewe habari, na Fomu ya Polisi namba 3 ijazwe na mganga, kwani ndiyo inayoonyesha aina ya majeraha. Kitu kilichovunjika kisirudishwe kwa mwenyewe wala kutengenezwa kabla hakijapigwa picha na kuonwa na fundi. Waya wa breki uliokatika ni shahidi, na ukitupwa hakuna wa kuapa badala yake. Majina ya walioona yaandikwe siku hiyo hiyo, na risiti zote za dawa na usafiri zihifadhiwe.

Familia isikubali kutia kidole gumba kwenye karatasi ya suluhu kabla ya kujua gharama yote ya matibabu. Wala isichelewe. Katika Uganda, madai ya kuumia mwili kwa sababu ya uzembe hufungwa baada ya miaka 3. Kwa madai madogo ya deni na mapatano, kuna utaratibu mwepesi mahakamani tangu mwaka 2011, wa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, ambao haumlazimu mtu kuwa na wakili.

Walio mpakani wana jambo moja zaidi la kuangalia. Pikipiki iliyokodiwa Koboko ikivuka kwenda Kongo au Sudan Kusini, ajali itakayotokea huko itazusha swali la sheria ya nchi gani itumike na kama bima ilivuka pamoja na magurudumu. Maswali hayo yaulizwe kabla ya kuondoka.

NENO KWA WENYE MALI

Haifai kudhani kwamba wenye mali ni watu wengine daima. Askari na polisi wengi huweka akiba, hununua pikipiki moja au mbili, huzikodisha kwa vijana, na mapato yake husomesha watoto. Mke wa askari huwa na viti na masufuria ya kukodisha. Nyumba ile ile inayoweza kudai yaweza pia kudaiwa.

Kinga ya mwenye mali mwaminifu ni daftari la matengenezo: tarehe ya kubadilisha breki, jina la fundi, risiti ya vipuri. Mkodi akileta habari ya ubovu, iandikwe, na kitu kisitoke tena mpaka kitengenezwe. Mwenye mali aliyekagua na kuandika anaweza kuonyesha kwamba ubovu ulizaliwa mikononi mwa mkodi, kwa kupakia abiria watatu au kwa kuongeza nyaya kwenye jenereta. Asiye na daftari atabaki na kiapo chake tu.

Wapo watakaosema ajali haina kinga. Msemo huo ni kweli kwa radi inayopiga ghafula. Waya ulioliwa na kutu kwa miezi mingi, huku kodi ikipokelewa kila jioni, kinga yake ilikuwapo siku zote, nayo ilikuwa dukani kwa bei isiyofikia malipo ya siku chache za kukodi.